Kimbunga kina upande: jibu kwa msomaji wa Kigamboni

Msomaji wa Kigamboni anauliza: «Mei 2024 tulitangaziwa Kimbunga Hidaya. Boti za Zanzibar zikasimamishwa, mume wangu ni mvuvi, akapandisha mashua juu na kukaa nyumbani. Kilichotufikia ni mvua na upepo ambao tumeshauona miaka mingine. Majirani mpaka leo wanasema tulitishwa bure. Lakini wifi yangu wa Kilwa anasema kwao barabara ilikatika na magari yakakwama. Kimbunga ni kitu gani hasa, wanakipimaje, na je, ni cha kuogopwa na sisi au ni mambo ya Msumbiji na Madagaska?»

Dada yangu, majirani zako wanasema kweli kuhusu walichokiona. Walichokosa ni kujua kwamba kimbunga kina upande mzuri na upande mbaya, na safari ile Dar es Salaam ilikaa upande mzuri. Lakini hilo halieleweki mpaka tuanze kule kimbunga kinakozaliwa.

Kinaanza na mawingu ya mvua ya kawaida tu, ya baharini, yale yanayokusanyika na kutawanyika. Mengi huishia hapo. Machache hukuta bahari ambayo maji yake ya juu yamefika nyuzi joto 26 na nusu za Selsiasi au zaidi, na joto hilo limeshuka chini kiasi cha mita 50, si utando mwembamba wa juu peke yake. Bahari ya namna hiyo inatoa mvuke mwingi. Mvuke ukipanda unapoa na kugeuka matone, na katika kugeuka huko unaachia joto lote uliloondoka nalo baharini. Ukiwahi kufunua sufuria ya wali ukaunguzwa na mvuke, basi joto hilo unalijua: mvuke ulipogusa ngozi yako uligeuka maji, ukakuachia ulichokuwa umebeba. Kimbunga ni jambo hilohilo juu ya eneo la mamia ya kilomita.

Hewa iliyopashwa joto huko juu inakuwa nyepesi na kuzidi kupanda, na chini yake panabaki kile ambacho watabiri wanakiita mgandamizo mdogo wa hewa. Hewa ya pembeni inakimbilia pale palipopungua. Ikipita juu ya bahari ya moto inazoa mvuke mwingine, nayo inapanda, inaachia joto, mgandamizo unazidi kushuka, upepo unazidi kasi. Mtambo huu unajilisha wenyewe maadamu maji ya moto yapo chini yake. Ukiuondoa baharini na kuuweka nchi kavu, unakatiwa chakula na kuanza kufa siku hiyohiyo.

Hata hivyo, hewa inayokimbilia katikati kwa mstari ulionyooka ingeziba pengo mara moja, na mambo yangekwisha. Kinachozuia hilo ni mzunguko wa dunia, unaopinda njia ya upepo. Kusini mwa ikweta upepo unapindwa kushoto, kwa hiyo hewa inayoingia inaishia kuzunguka kufuata mishale ya saa. Kaskazini mwa ikweta ni kinyume. Na penyewe kwenye ikweta hakuna mpindo wowote, ndiyo maana vimbunga karibu havizaliwi kati ya latitudo ya 5 kusini na ya 5 kaskazini. Shika hapo, kwa sababu ndipo penye nusu ya jibu la swali lako la mwisho. Pwani ya Kenya yote, kuanzia Kiunga hadi Vanga, imo ndani ya ukanda huo. Tanga na Pemba ziko ukingoni, kwenye nyuzi 5. Dar es Salaam iko karibu na 7, Kilwa karibu na 9, Mtwara imepita 10. Kila ukienda kusini, ulinzi wa ikweta unapungua.

Kuna ulinzi mwingine. Vimbunga vingi vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi huenda magharibi kwanza, kisha hupinda kusini, kuikimbia ikweta. Njiani vinaikuta Madagaska, kisiwa chenye urefu wa kilomita zaidi ya 1,500 na uti wa milima katikati. Madagaska inachukua kipigo ambacho kingekuja bara, na sidhani kama sisi wa pwani ya Afrika tunawakumbuka watu wa kule ipasavyo. Tena, upepo wa chini na ule wa juu ukienda pande tofauti au kwa kasi tofauti sana, mnara wa mawingu unakatwa kabla haujasimama. Upepo wa kusi ukishashika, kuanzia Mei na Juni, bahari inapoa na mnara haupati nafasi.

Kwa hiyo mwanya wetu ni mdogo, lakini upo, na unajulikana ni lini. Mnamo Januari na Februari ukanda wa mawingu mazito uko mbali kusini. Machi na Aprili unarudi kaskazini ukifuata jua, unapita kwenye latitudo zetu, na wakati huo bahari ya pwani ndiyo imefika kilele cha joto lake la mwaka. Kaskazi imekufa, kusi haijakaza. Ni ule wakati mabaharia waliouita tangambili. Sasa tazama tarehe. Kimbunga kilichoivunja Unguja: 15 Aprili 1872. Kimbunga kilichoipiga Lindi: 15 Aprili 1952. Kenneth, kilichoingia Cabo Delgado, Msumbiji, kusini kidogo tu ya mpaka wetu: 25 Aprili 2019. Jobo, kilichokuja kuelekea Dar na kufifia kabla hakijafika: mwishoni mwa Aprili 2021. Hidaya: Mei 3 na 4, 2024. Mtu akikuambia pwani ya Tanzania haina msimu wa vimbunga, mwonyeshe orodha hiyo.

Cha mwaka 1872 kinastahili kusimuliwa, kwa sababu kinaonyesha jinsi siku moja ya upepo inavyoweza kuhamisha uchumi wa nchi. Sultani Barghash bin Said alikuwa hajatimiza hata miaka miwili kwenye kiti. Kimbunga kilizamisha meli zake bandarini, kikapiga majahazi na nyumba, na kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba, umbali wa kilomita zisizofika hata mia, ilisalimika kwa kiasi kikubwa. Mkarafuu si mhogo. Ukiupanda leo unasubiri miaka kadhaa kabla ya kuchuma chochote. Katika miaka hiyo ya kusubiri Pemba ilishika nafasi ya kwanza katika karafuu, na haijairudisha hadi leo. Ile meli ya Glasgow ambayo Barghash aliagiza Uingereza kufidia alizopoteza, ndiyo Waingereza hao hao waliyoizamisha mbele ya Forodhani katika vita vya dakika chache vya Agosti 1896. Lakini hayo ni masimulizi ya siku nyingine.

Turudi kwa Hidaya na majirani zako. Chukua karatasi, chora pwani ikishuka kutoka kaskazini kwenda kusini, bahari ikiwa kulia. Weka kimbunga baharini kikija magharibi, kikizunguka kufuata mishale ya saa. Utaona kwamba kusini mwa kitovu upepo unatoka baharini kuja nchi kavu, na kaskazini mwa kitovu unatoka nchi kavu kwenda baharini. Wa kusini wanasukumiwa maji ya bahari na mawingu yaliyoshiba mvuke. Wa kaskazini wanapuliziwa hewa iliyotoka bara, na bahari yao inasukumwa mbali na ufukwe. Zaidi ya hapo, kusini ndiko mwendo wa kimbunga chenyewe unakoongezeka juu ya kasi ya upepo wake; kaskazini unapunguzwa.

Hidaya kilifika daraja la kimbunga kamili kikiwa baharini mashariki mwetu, kikaanza kupungua nguvu kilipokaribia, na kitovu chake kikafika Mafia tarehe 4 Mei. Mafia iko kusini mwa Dar na kaskazini mwa Kilwa. Hapo jibu lako limekamilika karibu lote: nyinyi wa Kigamboni mlikuwa kaskazini, wifi yako alikuwa kusini. Mvua ikashuka Kilwa, Lindi na Mtwara juu ya ardhi ambayo masika ya mwaka ule, yaliyochochewa na El Niño, yalikuwa yameshaijaza maji. Udongo ulioshiba haunywi tena. Maji yakapita juu, yakabeba makalavati na matuta ya barabara maeneo ya Somanga, na njia ya Dar kwenda Lindi na Mtwara ikakatika. Kama kitovu kingeingia nyuzi moja na nusu kaskazini zaidi, tuseme Bagamoyo, Kigamboni ingekuwa Kilwa. Na siku mbili kabla hakuna mtabiri anayeweza kuapa kwamba tofauti ya kilomita mia moja na kitu haitatokea. Ndiyo maana mume wako aliambiwa apandishe mashua. Mimi ningemwambia hivyohivyo tena.

Sasa vipimo. Katika bahari yetu kazi ya kufuatilia na kupanga madaraja inafanywa na kituo cha hali ya hewa cha Ufaransa kilichoko kisiwa cha Réunion, na mamlaka za hali ya hewa za nchi, kama TMA kwa Tanzania, hutoa tahadhari kwa watu wake. Majina hutoka kwenye orodha inayochangiwa na nchi za ukanda huu, Tanzania na Kenya zikiwemo. Jina hutolewa upepo ukifika kilomita 63 kwa saa. Hapo inakuwa dhoruba ya kitropiki. Kuanzia 89 ni dhoruba kali. Kuanzia 118 ndipo tunasema kimbunga kamili, kuanzia 166 ni kimbunga kikali, na kikipita 212 ni kikali sana. Wamarekani wana kipimo chao cha ngazi tano, kilichobuniwa na mhandisi Herbert Saffir na mtaalamu wa hali ya hewa Robert Simpson, kinachoanza kwenye 119 na kufika ngazi ya tano kwenye 252. Hiki ndicho unachokisikia kwenye habari za Florida na Karibi, ambako kimbunga huitwa harikeni. Kwa Wajapani na Wafilipino ni taifuni. Kitu ni kimoja.

Utaona redio moja inasema kimbunga kina kasi fulani na nyingine inataja kubwa zaidi, watu wakadhani mmoja anatia chumvi. Mara nyingi tofauti ni ya hesabu: Réunion wanachukua wastani wa upepo wa dakika 10, Wamarekani wa dakika 1, na wastani wa muda mfupi siku zote hutoka mkubwa. Tena, huku kwetu hakuna ndege zinazoingia ndani ya kimbunga kupima kama zinavyofanya kule Atlantiki. Nguvu inakadiriwa kutokana na picha za setilaiti, kwa kusoma umbo la mawingu na jicho. Jicho ni ile sehemu tulivu ya katikati, aghalabu upana wa kilomita 30 hadi 60, iliyozungushiwa ukuta wa mawingu wenye upepo mkali kuliko kwingine kote. Jicho likipita juu ya mji, mvua inakoma, pengine hata jua linachungulia, watu wanatoka kuokota mabati. Kisha ukuta wa pili unafika na upepo kutoka upande wa kinyume. Wengi wamekufa hapo.

Kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo wa upepo juu ya ukuta au paa unaongezeka mara nne. Kwa hiyo madaraja haya si ya kudharau. Lakini yanapima upepo peke yake, na hapa ndipo ninapotofautiana na namna habari zinavyotangazwa. Watu wanauliza «ni ngazi ya ngapi?» kana kwamba ngazi ndiyo itakayowaua.

Angalia Msumbiji mwaka 2019, vimbunga viwili kwa muda wa wiki sita. Kenneth ndicho kilichokuwa na upepo mkali zaidi. Kiliingia Cabo Delgado kikiwa na nguvu ambayo haijapata kurekodiwa kwa kimbunga kinachoingia nchi hiyo. Idai kilikuwa na upepo mdogo zaidi. Kenneth kiliua watu 45 hivi Msumbiji. Idai kiliua zaidi ya 600 hukohuko Msumbiji, na kwa jumla zaidi ya 1,000 ukihesabu Zimbabwe na Malawi. Kwa nini? Idai kiliingia Beira, mji wa bandari uliokaa chini, kwenye tambarare ambako mito ya Buzi na Pungwe inamwagika. Kabla ya hapo, kikiwa bado mgandamizo mdogo tu, kilikuwa kimeshapita nchi kavu mara moja na kunyesha, kikarudi baharini kujilisha, kisha kikaja tena usiku wa tarehe 14 Machi. Upepo ulisukuma bahari juu, mvua ikateremsha mito, maji yakakutana. Picha za siku zile zilionyesha bahari mahali palipokuwa mashamba na vijiji, watu wakiwa juu ya miti na mapaa. Milimani Chimanimani, upande wa Zimbabwe, udongo ulioshiba uliporomoka na nyumba zilizokuwa chini yake. Halafu ikafuata kipindupindu.

Freddy cha mwaka 2023 kinafundisha zaidi. Kilizaliwa karibu na Australia mapema Februari, kikavuka bahari nzima, kikapiga Madagaska, kikapiga Msumbiji, kikarudi nyuma, kikapiga Msumbiji tena mwezi Machi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limethibitisha kwamba ndicho kilichodumu muda mrefu kuliko vyote vilivyorekodiwa. Kilipofika kusini mwa Malawi hakikuwa kimbunga tena kwa kipimo chochote cha upepo. Lakini mvua ilishuka siku kadhaa juu ya vilima vya Blantyre ambavyo miti yake ilikuwa imekatwa na nyumba zimejengwa mitelemkoni. Ukijumlisha waliotoweka na kuhesabiwa kuwa wamekufa, ni zaidi ya watu 1,200. Malawi haina hata bahari.

Wenye jamaa Oman wanalijua hili pia. Gonu cha Juni 2007 na Shaheen cha Oktoba 2021 viliua hasa kwa maji yaliyojaa ghafla kwenye mabonde makavu, yale wanayoyaita wadi, ambayo mtu huyavuka kwa gari mwaka mzima bila kuona tone.

Nchi yenyewe nayo inabadilishwa. Maji ya bahari yakipanda yanaingia visimani na kwenye majaruba ya mpunga, na chumvi inabaki misimu kadhaa baada ya watu kusahau upepo. Fukwe za mchanga zinakatwa, midomo ya mito inahama. Mawimbi yanavunja matumbawe, na tope linalotoka mitoni linafunika yaliyobaki, hivyo samaki wa mwambani wanapungua. Mikoko inavunjika, lakini inapokuwa minene inapunguza nguvu ya mawimbi kabla hayajafika majumbani. Delta ya Rufiji, mkabala na Mafia, ina msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote wa pwani yetu. Kila mzigo wa kuni na boriti unaotoka pale ni ulinzi unaopunguzwa, hata kama mkataji ana sababu zake.

Kimbunga kinaweza pia kukufikia bila kukugusa. Kikisimama kwenye Mlango-Bahari wa Msumbiji, kinaweza kuvuta unyevu wote uelekee kwake na kuwanyima mvua walioko kaskazini. Mwaka 2019 masika ya Kenya yalichelewa Idai ikiwa kule. Pengine, kikikaa mashariki mwa Madagaska, kinavuta hewa yenye unyevu kutoka Kongo na kuleta mvua kubwa Tanzania na Kenya. Na kuna kisa cha nzige. Mwaka 2018 vimbunga Mekunu, mwezi Mei, na Luban, mwezi Oktoba, viliingia kusini mwa Uarabuni na kulowesha jangwa la Rub' al-Khali. Mchanga ukawa na majani, nzige wakataga na kuzaliana kizazi juu ya kizazi pasipo na mtu wa kuwaona. Mwisho wa 2019 makundi yao yalivuka Somalia na kuingia Kenya, mabaya kuliko yaliyoonekana nchini humo kwa miaka 70.

Kuhusu joto la dunia, nitasema kifupi. Hakuna ushahidi thabiti kwamba idadi ya vimbunga duniani inaongezeka. Kinachoongezeka ni sehemu ya vile vikali, na mvua inayobebwa, kwa kuwa hewa inashika mvuke asilimia 7 zaidi kwa kila nyuzi moja ya joto. Bahari nayo imepanda, kwa hiyo kila wimbi linaanzia juu zaidi.

Mara nyingine TMA wakitangaza, mume wako asianzie kwenye kasi ya upepo. Wana maneno matatu wanayoyapanga kwa uzito, angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, na hayo ayatii kuhusu kwenda baharini. Kisha atafute kitovu kinatarajiwa kuingia wapi: kikiwa kaskazini yenu, hatari ni yenu, kikiwa kusini, imepungua lakini njia inaweza kubadilika usiku mmoja. Aangalie mwezi, kwa sababu kimbunga kikifika siku za bamvua, yaani za mwezi mchanga au mpevu, wakati maji yamejaa, bahari inaingia mahali isipoingia kamwe. Aulize kinakwenda kasi gani, maana kinachotambaa kinanyesha mahali pamoja muda mrefu. Na kama masika yameshakuwa mengi, nyinyi mlioko karibu na mto au bondeni ondokeni mapema, hata kikishushwa daraja na kuitwa dhoruba tu.